Dienstbier au Schwarzenberg? Mlinzi wa usiku na mwinyi, yupi uanze naye ukitaka kuijua kazi ya udiplomasia

Kuna dogo mtaani kwetu ana digrii ya mahusiano ya kimataifa, mwaka wa tatu huu anatafuta kazi, kwa sasa analinda godauni usiku, na juzi kanisimamisha dukani na swali lake. Anataka afuate maisha ya mwanadiplomasia mmoja tu, mwanzo hadi mwisho, sio kwa ajili ya mtihani, ila ajue hii kazi inaingiwaje, inafanywaje na inatokwaje. Anajua mi ni mgonjwa wa habari za Wacheki kwa hiyo akanibana hukohuko, "kaka nichagulie mmoja, masaa ninayo ila bando ndogo". Nilimjibu kifupi pale, sasa namjibu vizuri, na kama na wewe uko njia panda hiyohiyo soma tu.

Kwanza tumtoe Havel kwenye hesabu. Kila ukitaja Cheki watu wanakimbilia kwa Havel, na Havel alikuwa mwandishi wa tamthilia aliyeishia kuwa rais, mwanadiplomasia hakuwa. Waliokuwa wanabeba mafaili ni watu wa pembeni yake, na pembeni yake kuna wawili ambao kuwalinganisha ni raha tupu: Jiří Dienstbier na Karel Schwarzenberg. Wamezaliwa mwaka mmoja, 1937. Wote wamekuwa mawaziri wa mambo ya nje, wote wamekaa jengo lilelile la wizara, Czernin, pale Praha (Prague), wote wamepita Seneti, wote walikuwa wanaupinga utawala wa kikomunisti, mmoja akiwa ndani ya nchi na mwingine akiwa nje. Ila njia zao ndo hazifanani hata kidogo.

Dienstbier ni mtoto wa Kladno, mji wa viwanda vya chuma na migodi ya makaa jirani na Praha, wazazi wake madaktari. Schwarzenberg ni wa ukoo wa mamwinyi, yaani watu wa makasri na misitu na mashamba yasiyoisha, ukoo ambao ukishuka Vienna leo unakuta uwanja mzima katikati ya mji una jina lao. Wacheki walifuta vyeo vya kimwinyi kisheria tangu 1918 lakini watu mtaani waliendelea kumwita hivyohivyo, Mwinyi, mpaka anakufa. Februari 1948 wakomunisti wakachukua nchi, Schwarzenberg akiwa na miaka 10 familia ikafungasha ikaenda Austria ikaacha kila kitu. Dienstbier naye alikuwa na miaka 10, na yeye akabaki.

Akabaki, na 1958 akajiunga na chama cha kikomunisti. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapomtupa, na mi nasema usimtupe haraka, kijana wa miaka 21 anayetaka kuwa mwandishi wa habari za nje kwenye nchi ya chama kimoja ana milango mingapi. Akaingia Redio ya Chekoslovakia (enzi hizo Wacheki na Waslovakia walikuwa nchi moja), akapelekwa Asia miaka ya sitini akawa anaripoti kutoka huko, na hii ndo ilikuwa shule yake ya udiplomasia maana mwandishi wa nje kazi yake ni kama ya balozi asiye na dereva: unakaa ugenini, unasoma watu, unaandika ripoti ya nyumbani, unajifunza nini kiandikwe na nini kisemwe kwa mdomo tu. Agosti 1968 vifaru vya Kisovyeti vilipoingia Praha, jengo la redio lilikuwa kati ya sehemu zilizopiganiwa zaidi, na yeye alikuwa mmoja wa sauti zilizoendelea kutangaza. Baadaye akaenda Washington kuwa mwakilishi wa redio, mtoto wake wa kiume akazaliwa hukohuko Mei 1969 (mshike huyu mtoto, atarudi mwishoni), halafu akaitwa nyumbani na unga ukamwagika. Kafukuzwa redio, kafukuzwa chama.

Kilichofuata ni miaka 20. Naomba uisome tena, ishirini. Karani wa kutunza makaratasi, mlinzi wa usiku, mchochea boila. Jamaa aliyekuwa anaripoti kutoka Washington anakaa chumba cha chini anaangalia mshale wa presha. Na hapa ndipo nilipomwambia dogo wangu wa godauni atulie kwanza asikilize, kwa sababu kazi za aina hiyo zina kitu kimoja ambacho mabosi hawakufikiria, zinakuacha na muda wa kusoma. Kulikuwa na kundi zima la wasomi wa Kicheki kwenye mabanda ya boila, mapadri, wanafalsafa, waandishi, utawala uliwasukumia huko ili wapotee na wao wakageuza mabanda kuwa maktaba.

1977 akasaini Mkataba wa 77, lile tamko la kuidai serikali itekeleze haki ambazo yenyewe ilishazisaini kimataifa. Mwaka 1979 akawa msemaji wake, na alikuwa pia kwenye kamati ya kuwatetea watu wanaoshtakiwa kwa uonevu, na kwa sababu ya hiyo kamati akakamatwa Mei 1979, Oktoba wakahukumiwa pamoja, Havel miaka 4 na nusu, Dienstbier miaka 3. Walifungwa gereza moja Heřmanice huko Ostrava. Alitoka 1982 akarudi kwenye boila kama hakuna kilichotokea.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote, na hakipo kwenye simulizi nyingi fupi. Machi 1985 alikuwa tena msemaji wa Mkataba wa 77, wakatoa waraka unaoitwa Wito wa Praha, na ndani yake wakasema wazi kwamba Wajerumani wana haki ya kuamua kama wanataka kuungana tena. Mwaka 1985! Wakati huo hata vigogo wa Ulaya Magharibi kwenye jambo hilo walikuwa wanaongea kwa kunong'ona. Mchochea boila asiye na hata pasi ya kusafiria anatoa ushauri kuhusu ramani ya Ulaya, na miaka mitano baadaye ramani inakuwa vilevile na yeye ni waziri. Ndo maana nasema huyu mtu hakuokotwa mwaka 1989, alikuwa ameshafanya kazi ya waziri kwa miaka mingi bila ofisi na bila mshahara wake.

Tarehe 10 Desemba 1989 serikali mpya ikaapishwa. Aliyewaapisha ni Rais Husák, yuleyule ambaye chini yake Dienstbier alifukuzwa kazi na kufungwa, na Husák alipomaliza kuwaapisha siku hiyohiyo akajiuzulu. Kwa bahati tu hiyo ilikuwa ni birthdei ya Schwarzenberg, alikuwa anatimiza 52. Inasimuliwa kwamba hata kwenye zile wiki za Novemba za vikao vya usiku na mchana Dienstbier ilibidi achomoke mbio akaangalie boila lake, na kwamba alipoteuliwa bado alikuwa anadaiwa zamu mpaka apatikane wa kumpokea.

Wiki mbili baadaye, Desemba 23, yuko mpakani na Genscher, waziri wa Ujerumani Magharibi, kila mmoja kashika mkasi mkubwa wa kukatia nyaya, wamevaa makoti, wanakata waya wa Pazia la Chuma, ule mpaka uliotenga Ulaya ya kikomunisti na Ulaya Magharibi. Ukiipata ile picha iangalie vizuri. Genscher ni mzoefu wa kamera, waziri wa miaka 15, huyu mwenzake mwezi uliopita alikuwa na zamu ya usiku. Halafu Februari 26, 1990 yuko Moscow anasaini na Shevardnadze, waziri wa mambo ya nje wa Wasovyeti, makubaliano ya kuondoa jeshi la Kisovyeti, zaidi ya askari elfu 70 na familia zao, na treni ya kwanza ya kuwaondoa ilianza safari siku hiyohiyo. Juni 1991 wa mwisho akaondoka. Tarehe 1 Julai Mkataba wa Warsaw, ule umoja wa kijeshi wa Wasovyeti na washirika wao, ukavunjwa rasmi, na ukavunjiwa wapi? Praha. Kutoka kwenye boila mpaka hapo ni mwaka mmoja na nusu, mi sijui kama kuna waziri mwingine wa karne ile aliyepata matokeo ya kuonekana kwa macho kwa muda mfupi hivyo bila kupiga risasi.

Sasa makosa yake, maana nimeahidi ulinganisho sio kuimba kwaya. Alikuja na ndoto ya Ulaya isiyo na kambi, mwanzoni mwa 1990 akapendekeza NATO nayo iondoke ipishe chombo kipya cha usalama cha Ulaya nzima, na hakuna aliyenunua hiyo ndoto, baada ya muda serikali yenyewe ikageuza usukani kuelekea NATO. La pili ni silaha. Alitangaza kwamba Chekoslovakia itaacha biashara ya kuuza silaha nje, kauli nzuri kabisa, ila hesabu mbovu, kwa sababu viwanda vikubwa vya vifaru vilikuwa upande wa Slovakia, na Waslovakia wakaona watu wa Praha wanajisafisha dhamiri kwa kutumia ajira zao. Huwezi kusema hiyo peke yake ilivunja nchi lakini ilitia kuni. Na la tatu, siasa za kura hakuziweza. Chama chake kiliingia uchaguzi wa Juni 1992 na hakikufikisha asilimia 5 ya kuingia bungeni. Basi, kwisha. Mtu aliyesaini Wasovyeti watoke, raia wakampiga chini, na mwisho wa mwaka huo nchi aliyokuwa anaiwakilisha yenyewe ikafutika ikawa mbili.

Alikuja kurudi kama mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu kwa Bosnia, Kroatia na Yugoslavia, 1998 mpaka 2001, na huko akakosoa mabomu ya NATO ya 1999 kule Yugoslavia wakati serikali ya nyumbani ndo kwanza imejiunga NATO wiki mbili kabla. Hakupata marafiki wengi kwa hilo. 2008 watu wa Kladno wakampeleka Seneti, Januari 2011 akafariki.

Haya, Mwinyi.

Schwarzenberg ukimsoma kwa haraka unaona mtu wa bahati, na kweli bahati ilikuwepo. Alikulia Austria, akasoma sheria na misitu bila kumaliza popote, 1965 ndugu wa ukoo aliyekuwa amemfanya mwanawe akafariki ikabidi ashike mali za ukoo. Hana digrii, dogo, jifariji. Alikuwa na uraia wa Uswisi, kasri Vienna, shamba Bavaria. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa anawinda nguruwe pori mpaka uzee na hakuna ambaye angemlaumu.

Badala yake 1984 akachukua uongozi wa Shirikisho la Kimataifa la Helsinki la haki za binadamu, makao yake Vienna, na kazi ikawa kuzunguka nchi za kikomunisti na mikutano ya kimataifa akitaja majina ya wafungwa. Majina ya akina nani? Ya wenzake na Dienstbier. 1986 akatoa nafasi kwenye kasri lake la Scheinfeld huko Bavaria kikaanzishwa kituo cha kuhifadhi maandishi yaliyopigwa marufuku Chekoslovakia, yale yaliyochapwa kwa taipu na kaboni yakavushwa mpaka kwa siri. Kwa hiyo wakati mmoja anachapa usiku karibu na boila, mwingine ana kabati la chuma Bavaria la kutunzia. Walikuwa kazi moja, ncha mbili. 1989 tuzo ya haki za binadamu ya Baraza la Ulaya ikaenda kwa shirikisho lake pamoja na Lech Wałęsa, yule kiongozi wa wafanyakazi wa Poland.

Hapa nampa Mwinyi pointi ambazo watu wa upande wetu mara nyingi tunamnyima. Kuwa na hela na konekisheni sio kosa, swali ni ulimfungulia nani mlango. Yeye aliwafungulia watu ambao hawakuwa na cha kumlipa na ambao hakuna dalili kwamba wangekuja kushika nchi, 1984 hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekuwa anaweka dau kwa wachochea boila.

Walivyoshika nchi, Havel akamchukua awe mkuu wa ofisi ya rais, 1990 mpaka 1992. Hii kazi huwezi kuielewa mpaka uwaze Ikulu yenyewe: kasri la Praha limeachwa na wakomunisti, rais mpya anatembea na wanamuziki na washairi, hakuna anayejua balozi anapokelewaje, nani anakaa wapi mezani, barua ya mfalme inajibiwaje. Schwarzenberg alikuwa anajua vyote hivyo tangu utotoni, kwake itifaki ilikuwa adabu ya nyumbani. Wakati Dienstbier yuko wizarani anahangaika na jeshi la Kisovyeti, Mwinyi yuko ng'ambo ya pili ya kilima anafundisha ikulu kukaa mezani. Mi naona kila serikali mpya inahitaji hao wawili na mara nyingi inampata mmoja tu.

Uwaziri kwake ulikuja uzeeni. 2004 akaingia Seneti, Januari 2007 akateuliwa waziri wa mambo ya nje kwa tiketi ya chama cha Kijani, watu wa kutetea mazingira, mwinyi wa misitu na chama cha Kijani, sawa, inaingia akilini ukiifikiria. Rais Klaus alisitasita kumteua kwa hoja kwamba ni mtu wa Austria mno. Akakaa mpaka Mei 2009, akarudi tena 2010 mpaka 2013 baada ya kuanzisha chama chake cha TOP 09 na Kalousek, mtu wa fedha na mafitina ya bungeni, ambaye alifanya kazi zote chafu za chama wakati Mwinyi anakaa kwenye bango akiwa na tai ya kipepeo na kiko. Uchaguzi wa 2010 wakapata karibu asilimia 17. Ona tofauti: Dienstbier aliingia kwenye uchaguzi na rekodi ya kuondoa jeshi zima akapata chini ya 5, huyu kaingia na uso na jina na fundi wa siasa pembeni.

Matokeo ya uwaziri wake? Hapa anapungua. Julai 2008 alisaini na Condoleezza Rice, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, mkataba wa kuweka rada ya Marekani ya kujikinga na makombora kwenye ardhi ya Cheki, Urusi ikachukia, wananchi wengi wenyewe hawakuitaka, na Septemba 2009 utawala wa Obama ukaufuta mpango. Machi 2009 serikali yake ikaangushwa bungeni katikati kabisa ya zamu ya Cheki kuongoza Umoja wa Ulaya, aibu ambayo wanadiplomasia wa Kicheki wanaikumbuka mpaka leo. Mei 2008 Cheki ikaitambua Kosovo, jimbo lililojitenga na Serbia na ndilo lililoleta yale mabomu, na hapo ujue alikuwa upande tofauti kabisa na ule Dienstbier aliokuwa ameusimamia tangu mabomu ya 1999. Novemba 2012 Palestina ilipoomba kupandishwa hadhi Umoja wa Mataifa, nchi 138 zikasema ndiyo, 9 zikasema hapana, na kwenye hizo 9 nchi ya Umoja wa Ulaya ilikuwa moja tu, Cheki. Unaweza kuita msimamo, unaweza kuita ukaidi, wasomaji wa huku kwetu wengi nawajua mtasema nini.

Halafu kuna usingizi. Mwinyi alikuwa anasinzia kwenye vikao, hadharani, kamera zinamulika, bungeni, mikutanoni, kidevu kimezama kwenye tai ya kipepeo. Badala ya kujitetea wakaligeuza kuwa tangazo la chama, kwamba yeye hulala watu wakiongea upuuzi. Na Kicheki chake kilikuwa cha kizamani, kimebaki pale alipokiacha 1948, tena anamumunya maneno mpaka Wacheki wenyewe wanategesha sikio. Kwa mwanasiasa mwingine hayo mawili ni mwisho wa kazi. Kwake yakawa mtaji, vijana walimpenda ajabu.

Ushahidi ni 2013, uchaguzi wa kwanza wa rais wa kupigiwa kura na wananchi moja kwa moja. Ana miaka 75, kampeni yake inasambaza beji zenye picha yake ana nywele za panki za pinki kama jogoo, na mikutano imejaa watoto wa chuo. Raundi ya kwanza akashika nafasi ya pili, asilimia 23.4 dhidi ya 24.2 za Miloš Zeman. Wa nne akawa, unamkumbuka yule mtoto wa Washington? Jiří Dienstbier mdogo, mtoto wa mzee wetu wa boila, asilimia 16. Baba alishafariki miaka miwili nyuma. Kwa hiyo jina la Dienstbier na la Schwarzenberg yalikaa karatasi moja ya kura, na mi ile orodha huwa naiangalia kama picha ya familia.

Raundi ya pili ndo somo lenyewe la Mwinyi. Kwenye mdahalo akaulizwa kuhusu amri za Rais Beneš, zile zilizotumika baada ya vita 1945 kuwanyang'anya mali na uraia Wajerumani wa Chekoslovakia wakati mamilioni wanafukuzwa. Mwanasiasa yeyote wa Kicheki anajua jibu salama. Yeye akajibu kwamba kilichofanyika 1945 kwa vigezo vya leo ni uvunjaji mkubwa wa haki za binadamu na kwamba serikali ile, Beneš akiwemo, leo ingejikuta mahakamani The Hague. Zeman hakulaza damu, akasema huyu anaongea kama Mjerumani wa Sudeten, yaani mmoja wa hao waliofukuzwa. Wiki nzima iliyobaki ikawa ni hiyo tu, Mwinyi wa Vienna anataka kurudishia Wajerumani nyumba zenu. Zeman 54.8, Schwarzenberg 45.2. Alisema kweli, na kweli ikamgharimu urais, na kuna mtu anaweza kukwambia mwanadiplomasia mzuri angejua kuikwepa. Mi bado sijaamua. Kuna siku naona alikosa adabu ya kazi yake, kuna siku naona ndo siku pekee aliyokuwa mkubwa kuliko cheo.

Aliendelea kukaa bungeni mpaka 2021, akafariki Vienna Novemba 2023, akaagwa kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Vitus palepale kwenye kasri la Praha.

Sasa kuchagua. Kama unataka kujua udiplomasia kama kazi ya mikono, yaani tatizo liko mezani, upande wa pili ana nguvu kuliko wewe mara mia, na inabidi utoke na karatasi iliyosainiwa, chukua Dienstbier, na soma miezi ile ya Desemba 1989 hadi Julai 1991 pole pole. Kama unataka kujua jinsi ya kudumu, kuingia ukiwa mzee, kutumia jina bila kuliuza, kushindwa bila kununa, basi Mwinyi, na anza na Scheinfeld 1986, usianze na kampeni. Ukianza na kampeni utampenda kwa sababu za kijinga kama wote tulivyompenda.

Kama wewe ni wa kupanga ngazi, yaani unataka kuona mtu aliyekaa vituo vingi vya ubalozi kimoja baada ya kingine, hawa wawili wote watakuangusha, hakuna hata mmoja aliyewahi kuongoza ubalozi. Hapo mtafute Michael Žantovský, alikuwa msemaji wa Havel, akawa balozi Washington 1992 mpaka 1997, kisha seneta, kisha balozi Tel Aviv, kisha London. Ratiba yake ni safi, haina mabonde mengi, ila kwa mtu anayetaka kazi yenyewe ya ubalozi ni yeye.

Na kuna watu watakwambia anza na Jan Masaryk, mtoto wa rais mwanzilishi, mwakilishi London tangu 1925, akabwaga manyanga 1938 baada ya Munich, yale makubaliano yaliyompa Hitler kipande cha nchi, waziri wa serikali ya uhamishoni, na Machi 1948 akakutwa amekufa uani mwa lile jengo la Czernin chini ya dirisha la bafu yake, na mpaka leo uchunguzi umefunguliwa na kufungwa mara kibao bila jibu la kuwaridhisha watu. Mi nasema muache mpaka umalize mmoja wa hawa. Ukianza na Masaryk utabaki unasoma dirisha, utasahau kusoma kazi. Ila jua tu kwamba Dienstbier na Schwarzenberg kila asubuhi walikuwa wanaingia jengo lenye lile dirisha.

Kwa dogo wangu mi nilimchagulia Dienstbier na sababu zangu sio za kificho, ana godauni, hana kasri. Yeye akang'ang'ania Mwinyi, akasema stori yake tamu, kaangalia video za nywele za panki mpaka bando likaisha. Sikubishana. Jana saa tisa usiku akiwa zamu kanitumia meseji, "kaka, hivi boila alimwachia nani?" Nikamwambia asikimbilie huko, arudi kwanza 1968, redioni.